Sharti na Jawabu Lake: Kiingereza cha Mambo Yajayo

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika ukurasa huu wa lugha tunataka kuanza na sentensi moja tu. Mwanafunzi mmoja aliandika insha ya Kiingereza juu ya imani ya Muislamu, na ndani yake akaweka maneno haya:

If the Day of Judgement will come, every person will be asked about his deeds.

Alikusudia kusema: "Siku ya Kiyama ikija, kila mtu ataulizwa juu ya matendo yake." Kwa Kiswahili sentensi hiyo haina kasoro, na hakuna Muislamu atakayeipinga. Mwalimu wake wa skuli alipiga mstari mwekundu chini ya neno "will" la mwanzo, akamkata alama. Alikuwa na haki. Lakini kosa kubwa zaidi mstari ule haukulifikia. Lilikuwa katika neno la kwanza kabisa, "If". Kwa Kiingereza, anayesema "if" anasema kwamba jambo hilo huenda likawa na huenda lisiwe. Basi mtoto mwenye imani safi kabisa aliandika, bila ya kujua, kwamba Kiyama kina shaka.

Kutokana na sentensi hiyo tunapata maswali mawili, nayo ndiyo somo letu. Kwanza, tunapozungumzia sharti la jambo lijalo kwa Kiingereza, kitenzi tukiweke katika wakati gani? Pili, ni lini tutumie "if" na ni lini tutumie "when"? Tutaona, insha Allah, kwamba majibu ya maswali yote mawili tunayo tayari mikononi mwetu, katika Kiswahili chetu na katika Kiarabu tunachojifunza hapa chuoni.

1. SHARTI NA JAWABU

Waliofika darasa la nahau wanajua kwamba sentensi ya namna hii ina sehemu mbili: sharti na jawabu la sharti. Tuchukue mfano wa usiku wa mwezi 29 Shaabani, watu wanapotoka kuangalia mwezi:

Mwezi ukiandama leo, kesho tutafunga.

"Mwezi ukiandama leo" ni sharti. "Kesho tutafunga" ni jawabu. Kwa Kiingereza tunasema:

If the moon is sighted tonight, we will fast tomorrow.

Na usipoandama, Shaabani itatimia siku 30:

If the moon is not sighted, we will fast the day after tomorrow.

Sasa tazameni vizuri. Kuandama kwa mwezi na kufunga, yote mawili ni mambo yajayo. Hakuna hata moja lililokwisha kutokea. Hata hivyo neno "will" limekaa upande mmoja tu, upande wa jawabu. Upande wa sharti kitenzi kiko katika wakati uliopo: "is sighted". Hii ndiyo kanuni ya kwanza, na tunawaomba muihifadhi:

Sharti la jambo lijalo huchukua wakati uliopo. Jawabu lake huchukua "will".

Katika vitabu vya zamani mtakuta "shall" badala ya "will" baada ya "I" na "we". Maana yake hapo ni ile ile, na siku hizi "will" inatumika kwa nafsi zote.

2. KWA NINI TUNAKOSEA?

Kiswahili kina njia zaidi ya moja ya kuweka sharti. Njia ya kwanza ni kiambishi "ki": ukisoma, akija, mvua ikinyesha. Njia ya pili ni neno "kama" pamoja na "ta": kama utasoma, kama atakuja, kama mvua itanyesha.

Anayefikiri kwa "ki" hakosei. Neno "akija" halina alama yoyote ya wakati ujao ndani yake. Wakati unajulikana kutokana na jawabu: "Akija, tutamwambia." Kiingereza kinafanya hivyo hivyo: "If he comes, we will tell him." Lakini anayefikiri kwa "kama atakuja" huihamisha ile "ta" neno kwa neno, akaandika "If he will come". Hapo ndipo mstari mwekundu unapopita.

Basi dawa ni nyepesi. Kabla ya kuandika, geuzeni sentensi yenu kichwani iwe ya "ki". "Kama utachelewa, utafungiwa mlango" iwe kwanza "Ukichelewa, utafungiwa mlango". Kisha ndiyo muandike:

If you are late, you will find the door closed.

Kuna jambo dogo linaloandamana na hili. Neno "will" likiondoka, kitenzi cha nafsi ya tatu umoja hurudisha herufi "s" yake. Tunasema "He will come", lakini "If he comes". Tunasema "She will not come", lakini "If she does not come". Wengi wetu huondoa "will" kwa usahihi kisha tukasahau "s", tukaandika "If he come". Kiingereza cha kale kilikubali hivyo, lakini katika mtihani wa leo ni kosa.

Na kuhusu alama ya mkato: sharti likitangulia, wekeni mkato baada yake. Jawabu likitangulia, kwa kawaida mkato hauhitajiki: "We will fast tomorrow if the moon is sighted tonight."

3. MIZANI YA "INSHA ALLAH"

Tunasema neno hili mara nyingi kila siku, na huenda hatujapata kulitazama kwa jicho la nahau. "In" ni herufi ya sharti. "Shaa" ni kitenzi, maana yake "alitaka" au "alipenda", nacho ni fi'il maadhi, yaani kitenzi cha wakati uliopita. Lakini sote tunajua kwamba tunazungumzia jambo lijalo. Kwa Kiswahili tunasema "Mungu akipenda", na hapo ipo "ki" yetu. Kwa Kiingereza ni "If Allah wills", kitenzi cha wakati uliopo, chenye "s" yake.

Angalizo: "wills" hapa ni kitenzi kamili chenye maana ya kutaka. Si lile neno saidizi "will" la wakati ujao. Hiyo "s" ndiyo ushahidi, kwani neno saidizi halichukui "s" abadan.

Lugha tatu, kila moja kwa njia yake, zimekataa kuliwekea sharti alama ya wakati ujao. Kiarabu kimetumia maadhi, Kiswahili kimetumia "ki", Kiingereza kimetumia wakati uliopo. Katika Kiarabu kanuni hii iko wazi kabisa: kitenzi cha sharti hakitanguliwi na "sa" wala "sawfa", hali ya kuwa kitenzi cha jawabu kinaweza kutanguliwa nazo. Someni aya ya 69 ya Suratul Kahf, pale Nabii Musa (A.S.) anapomuahidi yule mja mwema kwamba atamkuta ni mwenye kusubiri. Ile ahadi imebebwa na kitenzi chenye "sa" mwanzoni. Lile sharti la kupenda kwa Mwenyezi Mungu limebebwa na "in shaa". Anayeifahamu aya hiyo kwa nahau yake hawezi tena kuandika "If he will come", kwa sababu ameshajua kwamba alama ya wakati ujao hukaa kwenye ahadi, haikai kwenye sharti.

4. "IF" AU "WHEN"?

Sasa tuje kwenye lile kosa la pili, ambalo mwalimu hakuliona. Kiambishi "ki" ni chepesi na kinatufaa sana, lakini kina jambo moja: hakituambii kama msemaji ana hakika au hana. "Ukifika Unguja, nipigie simu." Je, safari ina hakika, au huenda ikavunjika? Kwa Kiswahili msikilizaji huelewa kutokana na mazungumzo. Kiingereza kinakulazimisha uchague:

If you come to Zanzibar, call me. (Sijui kama utakuja.)
When you come to Zanzibar, call me. (Najua utakuja.)

Na hapa tena Kiarabu kimetutangulia. Wanazuoni wa balagha wanatufundisha kwamba "in" asili yake ni kwa jambo lenye shaka, na "idha" asili yake ni kwa jambo la hakika au linalotarajiwa. Suratun Nasr inaanza kwa "idha", haianzi kwa "in", kwa sababu nusura ya Mwenyezi Mungu ni ahadi isiyo na shaka. Na kitenzi kinachofuata, "jaa", ni maadhi ingawa kinazungumzia jambo lililokuwa likingojewa. Waliofasiri Qur'ani kwa Kiingereza, kama Marmaduke Pickthall mwaka 1930 na baada yake Abdullah Yusuf Ali, wote wawili wameianza sura hiyo kwa "When", hawakuandika "If".

Hii ndiyo kanuni ya pili: jambo lenye shaka ni "if", jambo la hakika ni "when". Na kitenzi baada ya "when" hufuata kanuni ile ile ya kwanza. Hakichukui "will". Hapa mjihadhari na Kiswahili cha "takapo": "Mtakaporudi nyumbani, wasalimieni wazazi wenu." Ile "ta" iliyomo ndani ya "mtakaporudi" isiwahadae mkaandika "When you will return". Sahihi ni:

When you return home, greet your parents for us.

Pimeni mifano hii:

Ramadhani ikifika, tutazidisha kusoma Qur'ani.
When Ramadhan comes, we will read more Qur'an.

Nikipona kabla ya Ramadhani, nitafunga mwezi mzima.
If I get well before Ramadhan, I will fast the whole month.

Ramadhani itafika, hilo halina shaka. Afya ya mgonjwa iko katika elimu ya Mwenyezi Mungu, nasi hatuijui. Na tuutazame mfano ulio mzito zaidi. Mzee anausia: "Nikifa, nizikeni kijijini kwetu." Mjukuu wake akiuandika usia huo kwa Kiingereza "If I die", atakuwa amemfanya babu yake aseme kwamba huenda asife. Sahihi ni "When I die, bury me in our village." Lakini mzee huyo huyo akisema, "Nikifa katika safari hii, nizikeni huko huko," hapo "If I die on this journey" ndiyo sahihi. Kifo ni hakika. Wakati wake na pahala pake hatupajui. Kiswahili kimetumia neno moja, "nikifa", mara zote mbili. Mfasiri ndiye anayetakiwa kufikiri.

5. "SIPO", "KABLA" NA "MPAKA"

Sharti la kukanusha kwa Kiswahili ni "sipo": asipokuja, usiposoma. Kwa Kiingereza lina njia mbili:

If you do not study, you will fail.
Unless you study, you will fail.

Neno "unless" lina ukanushi ndani yake tayari. Anayeandika "Unless you do not study, you will fail" amekanusha mara mbili, na maana imegeuka: sasa anasema kwamba anayesoma ndiye atakayefeli!

Maneno "before", "after", "until" na "as soon as" nayo yanafuata kanuni ya "when". Kitenzi baada yake hakichukui "will" tunapozungumzia mambo yajayo:

Tutaondoka kabla hajafika.
We will leave before he arrives.

Ngojeni hapa mpaka imamu atoke.
Wait here until the imam comes out.

Katika mfano wa mwanzo Kiswahili kinasema "hajafika", kwa ukanushi. Kiingereza hakitaki ukanushi huo. Msiandike "before he has not arrived".

Mfano wa pili unatuonyesha jambo jingine: sehemu ya pili si lazima iwe na "will". Yaweza kuwa amri, kama "wait", "call" au "greet". Yaweza pia kuwa na "can", "may" au "must": "If you finish early, you may go home."

6. TAZAMENI JAWABU: "HU", "TA" AU "NGE"

Mnapofasiri, jawabu la Kiswahili litawaonyesha njia. Likiwa na "ta", tumeshaona, Kiingereza huchukua "will". Likiwa na "hu", basi ni jambo la kawaida au la maumbile, na Kiingereza huchukua wakati uliopo pande zote mbili:

Barafu ikipata moto, huyeyuka.
If ice gets hot, it melts.

Likiwa na "nge", msemaji analiona jambo hilo liko mbali, au anajua kwamba sivyo lilivyo. Hapo Kiingereza huchukua wakati uliopita upande wa sharti na "would" upande wa jawabu:

Ningekuwa na pesa za kutosha, ningekwenda Hijja mwaka huu.
If I had enough money, I would go for Hajj this year.

Neno "had" ni la wakati uliopita kwa umbo tu. Kwa maana tunazungumzia mwaka huu. Wanafunzi wa Kiarabu wasishangae, kwani "law" nayo hufuatwa na maadhi. Mtego uko hapa: Kiswahili huweka "nge" pande zote mbili, ningekuwa na ningekwenda. Kiingereza hakiweki "would" pande zote mbili. Msiandike "If I would have money, I would go."

Kuchagua kati ya "ta" na "nge" ni kuchagua namna mnavyoliona jambo. "If I pass, I will continue with my studies" ni maneno ya mwenye matumaini. "If I passed, I would continue" ni maneno ya aliyekwisha kukata tamaa. Juu ya mitihani yenu, semeni ya kwanza.

7. PALE "IF" INAPOKUTANA NA "WILL"

Mtasoma vitabu, na mtakuta "if" na "will" zimekaa pamoja. Msiseme kwamba tumewadanganya. Ziko sehemu mbili maarufu.

Ya kwanza ni pale "if" haina maana ya sharti, bali ina maana ya kuuliza kwa ndani:

Sijui kama atakuja.
I do not know if he will come.

Hapa hakuna sharti wala jawabu. Kipimo chake ni hiki: kama mnaweza kuiondoa "if" na kuweka "whether" na sentensi ikasimama, basi "will" inaruhusiwa. Vile vile "when" yenye maana ya "lini": "I do not know when he will come", yaani "Sijui atakuja lini".

Ya pili ni pale "will" ina maana ya kukubali au kuridhia, mara nyingi kwa adabu: "If you will wait a moment, I will call the teacher." Maana yake ni "Ukiridhia kungoja kidogo".

ZOEZI

Andikeni kwa Kiingereza. Msitazame majibu kabla ya kumaliza.

1. Mvua ikinyesha jioni, hatutacheza mpira.
2. Idi ikifika, tutawatembelea jamaa zetu.
3. Asipoamka mapema, atakosa basi.
4. Usiondoke mpaka mwalimu arudi.
5. Sijui kama mgeni atafika leo.
6. Ukitia chumvi katika maji, huyeyuka.
7. Ningekuwa na kamusi, ningekuazima.
8. Nitakupigia simu kabla sijaondoka.

MAJIBU

1. If it rains this evening, we will not play football.
2. When Eid comes, we will visit our relatives.
3. If he does not wake up early, he will miss the bus.
4. Do not leave until the teacher comes back.
5. I do not know if the visitor will arrive today.
6. If you put salt in water, it dissolves.
7. If I had a dictionary, I would lend it to you.
8. I will call you before I leave.

HITIMISHO

Ndugu zetu, Kiingereza ndicho lugha ya masomo yenu ya sekondari, na kesho wengi wenu mtakuwa ndio wafasiri wa nyumba zenu. Mtawasomea wazazi barua za hospitali, mtaandika maombi ya kazi, na wengine mtaieleza dini yenu kwa wasiojua Kiswahili wala Kiarabu. Kufasiri ni amana. Neno dogo la herufi mbili laweza kuitia shaka imani ambayo mwenyewe hakuitilia shaka hata siku moja.

Mwanafunzi wetu tuliyeanza naye alikaa tena na sentensi yake. Aliondoa "will" moja, akabadilisha neno la mwanzo, akaandika:

When the Day of Judgement comes, every person will be asked about his deeds.

Sasa nahau imenyooka, na maana imerudi kwa mwenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na awafaulisheni katika mitihani yenu ya dunia na ya akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.